Taa Ikiwaka, Nani Amelipa?

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 2:15; Ezekieli 34:17-19; Luka 14:28-30.



Katika somo la toleo hili twataka tuzungumze juu ya umeme. Huenda wengine watauliza, "Umeme na Kanisa vinahusiana nini?" Jibu letu ni fupi. Umeme unatokana na maji, ardhi, upepo, jua na moto ulio chini ya nchi, na vitu hivyo vyote tumekabidhiwa tuvitunze. Tena, mtu mmoja anapopata umeme, mara nyingi yuko mwingine mahali fulani aliyepungukiwa maji au ardhi ili umeme huo upatikane. Mambo hayo mawili, utunzaji na jirani, ni mambo yetu kabisa.

1. Nishati safi ni nini?

Siku hizi neno "nishati safi" lasikika redioni na mikutanoni. Maana yake ni nguvu isiyotoka katika kuchoma mafuta, makaa ya mawe au kuni. Ni nguvu ya maji yanayoanguka, ya jua, ya upepo, na ya joto la ardhini. Moshi wake ni kidogo au haupo, nao hauongezi sana joto la dunia.

Sisi wa Iyunga twaijua faida yake. Viwanda vyetu vinahitaji umeme, mashine za kusaga zinauhitaji, zahanati inauhitaji kwa ajili ya dawa za baridi na kwa mama anayejifungua usiku. Na pale umeme usipofika, au unapokuwa ghali, twajua kinachofuata: gunia la mkaa. Kila gunia la mkaa ni miti iliyoanguka mahali fulani. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mpango wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mpango huo ni mwema, nasi twauunga mkono.

Lakini wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Taa inayowaka bila moshi nayo imeundwa, na kuna gharama iliyolipwa. Katika Luka 14 Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, jinsi ilivyompasa kukaa kwanza na kupiga hesabu. Basi na tukae, tupige hesabu ya taa. Tutazame mambo matatu: maporomoko, mto, na betri.

2. Maporomoko ya Kihansi

Mto Kihansi watoka katika nyanda za juu za Iringa, ukatelemka kwenye ukuta mkubwa wa milima ya Udzungwa hadi bonde la Kilombero. Hapo zamani maji yaliporomoka kwa nguvu katika korongo refu, yakarusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Kando ya maporomoko palikuwa na vipande vya majani mabichi ambavyo havikukauka kamwe.

Katika miaka ya 1990 nchi yetu iliamua kujenga kituo cha umeme mahali hapo. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri, maana nchi ilikuwa imekumbwa na mgawo wa umeme. Benki ya Dunia na nchi kadhaa za Ulaya zilisaidia fedha. Maji yalizuiwa juu ya maporomoko kwa bwawa dogo, yakaingizwa katika njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, yakaanguka kiasi cha meta 850 hadi kwenye mitambo iliyo chini ya ardhi, kisha yakarudishwa mtoni. Kituo kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, nacho kina uwezo wa megawati 180, yaani wati milioni 180. Hakikuhitaji bwawa pana, wala hakitoi moshi. Kwa vipimo vingi ni mradi safi kweli.

Ila ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza wakati wataalamu wa viumbe, mwaka 1996, walipomgundua chura mdogo katika yale manyunyu. Ni chura wa rangi ya dhahabu, ambaye aliyekomaa haufikii urefu wa sentimeta tatu. Hatagi mayai majini kama vyura wengine; huzaa watoto walio hai. Makao yake yote duniani yalikuwa ni hivyo vipande vya majani kandokando ya maporomoko, vyote pamoja vikiwa kama hekta mbili tu. Jamii yake haikuonekana mahali pengine po pote.

Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, sehemu kubwa ya manyunyu ilikoma. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, ili mbegu isipotee. Huko Kihansi kwenyewe yalifungwa mabomba ya kunyunyiza maji mahali pa manyunyu ya asili. Kwa muda ilionekana yamesaidia, na mwaka 2003 vyura walihesabiwa kwa maelfu. Lakini mwaka huohuo walianza kufa kwa wingi. Ukungu unaoua vyura katika nchi nyingi ulionekana katika ngozi zao. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Waliokuwa Marekani walizaana, katika bustani ya Bronx na ile ya Toledo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini na kuwekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza. Kazi hiyo ni ya miaka mingi, nayo ni ghali.

Wengi wetu twakumbuka jinsi watu walivyocheka. "Fedha zote hizo kwa chura!" Tusiwalaumu sana, maana hospitali zetu zina mahitaji mengi. Lakini tuangalie hesabu yenyewe. Kama chura angalijulikana kabla ya mradi kupangwa, wasanifu wangaliweza kuamua mapema ni kiasi gani cha maji kiachwe kipite katika maporomoko. Gharama ingalikuwa megawati chache. Kwa sababu alijulikana baadaye, gharama ikawa mabomba, safari za ndege, vyumba vya baridi, wataalamu, na miaka zaidi ya ishirini, na bado hakuna mwenye hakika kwamba atastawi tena. Basi hili ni fundisho la kwanza: hesabu ipigwe kabla ya kuanza kujenga. Hesabu inayopigwa baadaye ni ghali, na mara nyingine haina cha kuokoa.

3. Mto Ruaha Mkuu

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mvua inyeshayo katika milima ya Uporoto na Kipengere hutelemka kwa mito mingi, kama Chimala, Kimani na Mbarali, hadi uwanda wa Usangu. Hapo maji huingia katika kinamasi cha Ihefu, ambacho huyashika kama sifongo na kuyaachia polepole kupitia mlango wa Ng'iriama. Kutoka hapo Ruaha Mkuu hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, wakanywa tembo, viboko na swala. Kisha maji hufika bwawa la Mtera, halafu Kidatu.

Kituo cha Kidatu kilianza kutoa umeme mwaka 1975, na baada ya kuongezwa mwaka 1980 kikawa na megawati 204. Bwawa la Mtera lilijengwa ili liwe ghala la maji ya Kidatu, na baadaye, mwaka 1988, likawekewa mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Kwa miaka mingi vituo hivyo viwili vilikuwa mgongo wa umeme wa Tanzania. Laini kubwa itokayo Kidatu, ikapita Iringa na Mufindi, ndiyo iliyoleta umeme wa gridi ya Taifa hadi Mbeya.

Lakini maji yaleyale yana wenyewe wengi. Wakulima wa Usangu wanayahitaji kwa mpunga. Mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga yalifunguliwa na Serikali, na wakulima wadogo maelfu wakachimba mifereji yao. Wafugaji walikuja na ng'ombe kutafuta majani ya Ihefu. Na Mtera ni bwawa pana lisilo na kina kikubwa, katika nchi kavu yenye jua kali, hivyo hupoteza maji mengi yanayopanda hewani kama mvuke.

Mnamo Desemba 1993 Ruaha Mkuu uliacha kutiririka ndani ya hifadhi. Tangu hapo imekuwa kawaida kila kiangazi mto kukatika kwa majuma au miezi, viboko wakasongamana katika vidimbwi vya matope. Na Mtera lilipopungukiwa maji, nchi ikaingia gizani kwa mgawo, kama ulivyokuwa ule mkali wa mwaka 2006.

Nani alaumiwe? Lawama iliangukia watu wa juu ya mto. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliamriwa kuondoka Usangu na mifugo yao, na wengi walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Safari ilikuwa ndefu, na ng'ombe wengi walikufa njiani. Mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, na vijiji kadhaa vya Mbarali vikajikuta katika mgogoro wa mipaka uliodumu miaka mingi.

Hatusemi kwamba kinamasi hakikuhitaji kulindwa. Kilihitaji, na mifugo ilikuwa imezidi. Lakini wataalamu waliofuatilia hesabu za maji walionyesha jambo lingine: upungufu wa Mtera katika miaka ya 1990 ulitokana pia na jinsi maji ya mabwawa yenyewe yalivyotumiwa. Maji yaliyoachiliwa Mtera wakati wa neema hayakuwapo tena wakati wa ukame. Kosa lilikuwa na baba zaidi ya mmoja, ila adhabu ilimwangukia zaidi yule asiye na sauti.

Hapa yafaa tumsome nabii Ezekieli, sura ya 34. Anawakemea kondoo wenye nguvu ambao, wakisha kunywa, huwaharibia wenzao maji yaliyosalia. Tunaposoma twapenda kujiona kuwa kondoo wadhaifu. Lakini ndugu, sisi wa mjini tuko wapi katika mfano huo? Jioni moja mezani petu kuna wali wa mchele wa Mbarali, na juu yetu kuna taa ya gridi ya Taifa. Yote mawili yametoka katika bonde lile lile la mto. Hatuwezi kumnyoshea kidole mkulima kwa mfereji wake huku tukila mpunga wake, wala kumlaumu mwenye mitambo huku tukiacha taa za nje zikiwaka hadi mchana. Fundisho la pili ni hili: maji ya mto ni sahani moja yenye mikono mingi, na kila mkono sharti ujulikane, uhesabiwe, na upewe nafasi ya kusema.

Na sahani hiyo imeongezeka mikono. Ruaha Mkuu huingia Rufiji, na hapo sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Lilianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, na mitambo yote tisa ikakamilika mwaka 2025. Ni fahari ya nchi, na mgawo wa umeme umepungua. Lakini lilijengwa ndani ya eneo la Selous, lililoandikwa katika urithi wa dunia tangu 1982. Tena chini yake wako wakulima wa Rufiji, ambao kwa vizazi walitegemea mafuriko ya mto kurutubisha mashamba, na iko mikoko ya Delta inayohitaji maji baridi na udongo kutoka bara. Mti unaokatwa Uporoto leo, na chemchemi inayokauka huko, vina maana kwa mvuvi wa Delta ambaye hatutamwona maisha yetu yote.

4. Betri chini ya kitanda

Mwingine atasema, "Mimi sina habari na mabwawa. Nina sola yangu juu ya bati." Ni kweli, sola ni neema kubwa, hasa kwa vijiji visivyofikiwa na nguzo. Mtoto anasoma usiku bila kuvuta moshi wa kibatari. Lakini sola nyingi zinakwenda pamoja na betri, na betri nyingi, kama zile za magari, zina risasi na tindikali ndani. Baada ya miaka michache betri inakufa. Inakwenda wapi?

Tutazame Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kwa miaka kadhaa hadi kilipofungwa mwaka 2014. Moshi na maji machafu yenye risasi viliingia katika makazi ya watu. Watoto waliopimwa damu walikutwa na risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto na isiyoonekana kwa macho. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye aliwahi kufanya kazi kiwandani hapo na mwanawe akaugua, alisimama akawatetea majirani zake. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 2023 na Mahakama ya Rufani, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu kiwanda kufungwa hadi hukumu ya mwisho ilikuwa imepita miaka kumi.

Betri zile hazikuwa za sola peke yake. Nyingi zilikuwa za magari. Lakini risasi ni ile ile. Kwa hiyo fundisho la tatu: kitu safi kinapokwisha kazi kinaweza kuwa kichafu, na anayekinunua hana budi kujua kitakapokwenda kulala.

5. Na kesho je?

Katika milima yetu ya Uporoto, karibu na ziwa Ngozi, wataalamu wamekuwa wakichunguza joto la ardhini ili lizalishe umeme. Mvuke wa moto hutolewa kwa visima virefu, ukazungusha mitambo. Wenzetu wa Kenya wanafanya hivyo Olkaria tangu mwaka 1981, na umeme huo hautegemei mvua, jambo ambalo sisi tuliokaa gizani kwa ukame twalithamini.

Lakini Olkaria nayo ina somo lake. Mwaka 2014 jamaa za Wamasai zilihamishwa kupisha mradi, zikapewa nyumba na ardhi mahali pengine. Baadaye wengi walilalamika juu ya barabara, hati za ardhi na malisho, malalamiko yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ikabidi ufanyike upatanisho. Hatusemi Ngozi itakuwa hivyo. Twasema wakati wa kuuliza ni sasa, kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa: maji ya visima yatatupwa wapi, msitu utaguswa kiasi gani, na wenye mashamba wataambiwa lini?

6. Yatupasa tufanye nini?

Kwanza, tusiikatae nishati safi. Tukiikataa tutarudi kwenye mkaa na dizeli, na gharama yake ni kubwa zaidi, hata kama haiandikwi po pote. Anayetumia mfano wa chura kuwa sababu ya kuendelea kukata msitu hakuelewa somo.

Pili, mradi unapotangazwa katika kata au wilaya zetu, twende mkutanoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake, na wananchi wasikilizwe. Haki isiyotumiwa huota kutu. Tuulize kwa adabu, tudai majibu kwa lugha tunayoielewa.

Tatu, tutunze vyanzo vya maji. Tusilime hadi ukingoni mwa kijito. Miti inayonyonya maji mengi isipandwe kwenye chemchemi. Ipandwe miti ya asili.

Nne, betri iliyokufa isipasuliwe uani, wala tindikali yake isimwagwe mferejini. Isikae chini ya kitanda cha watoto. Irudishwe kwa muuzaji au kwa mnunuzi aliye na kibali. Vijana wetu wanaonunua vyuma chakavu waelezwe hatari ya risasi.

Tano, tuutumie umeme kwa kiasi. Taa inayozimwa isipohitajika ni maji yaliyobaki Mtera.

Katika Mwanzo, mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi hizo mbili alipewa kwa pamoja. Mabwawa, visima vya mvuke na sola ni kulima kwetu. Kuuliza nani analipa, na kuhakikisha hadhulumiwi, ndiko kutunza.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Umeme tunaoutumia hapa Iyunga watoka wapi? Tutaje mito na watu walio njiani.
2. Je, ni haki kiumbe kidogo kama chura wa Kihansi kugharimiwa fedha nyingi? Tutoe sababu za pande zote mbili.
3. Kama tungalikuwa wafugaji wa Usangu mwaka 2006, tungalitaka Kanisa liseme nini?
4. Katika nyumba zetu kuna betri kuukuu ngapi, nazo ziko wapi?
5. Ni chemchemi au kijito gani karibu nasi ambacho kikundi chetu chaweza kukitunza mwaka huu?